Kusoma Kunapogeuka Kuandika

Nyuzi 8 zilimaliza kazi mapema kuliko nyuzi 64 (uzi ni mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu). Nilirudia kipimo mara sita kabla ya kuyaamini macho yangu. Kompyuta ilikuwa na prosesa 64 katika soketi mbili (vipachiko vya chipu za prosesa), kumbukumbu ya GB 256, na faili nililokuwa nikilisoma halikufika hata GB 40. Hakuna aliyekuwa akiliandika. Nyuzi zilikuwa zinasoma tu, kila moja rekodi zake, bila haja ya kuambiana neno. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kugawanyika kwa urahisi kuliko zote. Kwangu, hadi nyuzi 4 mambo yalikwenda vizuri, kwenye 8 nyongeza ikawa ndogo, kwenye 16 mstari wa grafu ukalala, na baada ya hapo ukateremka. Kila nilipoongeza mkono, kazi ilizorota.

Nilikaa na tatizo hilo wiki tatu, na naona ni vyema kueleza nilivyolifuata hatua kwa hatua, maana njia niliyopita ina faida kuliko jibu nililolikuta. Jibu lenyewe naweza kulitaja hapa hapa: kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inapokusomea faili, yenyewe inaandika. Haiandiki kwenye diski, inaandika kwenye kumbukumbu, tarakimu ndogo ndogo za kujiwekea hesabu: nani ameshika faili hili, nani ameshika ukurasa huu, kufuli hili limeingiwa na wangapi. Prosesa ikiwa moja, maandishi hayo hayana uzito wowote. Zikiwa 64, zote zikiandika mahali pamoja, hapo ndipo panapokaba.

Mshukiwa wa kwanza siku zote ni diski. Faili likisomwa polepole, yeyote utakayemuuliza atakuambia diski imechoka, na mara nyingi huwa anasema kweli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiondoa diski kwenye orodha ya washukiwa, kwa ushahidi. Njia yangu ni nyepesi: nasoma faili lote mara moja, kisha naanza kupima kwenye mzunguko wa pili huku iostat, zana inayoonyesha shughuli za diski, ikiwa wazi kwenye dirisha la pembeni. Linux, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta hiyo, huhifadhi kurasa (vipande vya data) za mafaili yaliyokwisha kusomwa ndani ya kumbukumbu, kwenye kashe ya kurasa, na nafasi ikitosha mzunguko wa pili hauigusi diski kabisa. Iostat ilionyesha sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu mmoja alikuwa tayari ameandika ombi la kununuliwa diski za kasi zaidi. Nilimwomba alisimamishe kwanza. (Hatua hii ya kusoma faili lote mara moja iliniletea shida nyingine baadaye. Nitaifikia.)

Swali la pili nililouliza ni kama prosesa zimelala au zinahangaika. Zikiwa zimelala wakati kazi ipo, nyuzi zinasubiri kitu: kufuli, diski, mtandao. Zikiwa zimejaa, inabidi ujue zimejaa wapi, ndani ya programu yako au ndani ya kerneli. Zangu zilikuwa zimejaa zote 64, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za muda huo zilikuwa za kerneli. Programu yangu ilikuwa haipati hata nafasi ya kufanya hesabu zake.

Programu yenyewe ilikuwa ya kawaida. Faili lilikuwa mfululizo wa rekodi za KB 4, na mwanzoni mwake palikuwa na ukurasa mmoja wa faharasa ambao kila rekodi iliutegemea. Faili lilifunguliwa mara moja tu, nyuzi zote zikalitumia kwa pamoja. Kila uzi uliita read, ombi kwa kerneli la kusoma, ili upewe rekodi inayofuata, ukaita pread kuchungulia faharasa, ukafanya hesabu fupi, kisha ukarudi kuomba rekodi nyingine. Aliyeiandika alikuwa amewaza vizuri: kwa kuwa faili lililofunguliwa lina kielekezi kimoja cha mahali usomaji ulipofika, kerneli yenyewe ingekuwa mgawaji wa kazi. Uzi huu unapata rekodi ya 10, ule unapata ya 11, bila kuhitaji foleni yoyote upande wa programu.

Nikawasha perf. Hii ni zana iliyoingia katika Linux mwaka 2009, pamoja na toleo la 2.6.31, na hufanya kazi kwa kuchukua sampuli: maelfu ya mara kwa sekunde inaiuliza kila prosesa, uko kwenye amri gani sasa hivi? Majibu yakikusanywa, unaona muda umeishia wapi. Jina lililokaa juu kabisa lilikuwa osq_lock.

Hapo nilisita. Nilijua kwamba kielekezi cha faili kinalindwa na kufuli la aina ya mutex, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati mmoja, na nilijua pia kwamba anayekuta mutex imefungwa hulala. Kwa nini basi prosesa hazikuwa zimelala? Kwa sababu mutex ya Linux haikimbilii kulala. Kumlaza na kumwamsha uzi kuna gharama yake, kwa hiyo uzi ukikuta mwenye kufuli bado anaendelea na kazi kwenye prosesa nyingine, hukaa pale ukizunguka, ukitumaini ataachia sasa hivi. Wengine wote hupanga foleni nyuma yake, nao wakizunguka. Foleni hiyo ndiyo osq_lock. Prosesa iliyojaa asilimia 100 inaweza kuwa haifanyi lolote zaidi ya kusubiri, na kipimo cha juu juu hakitakuonyesha tofauti.

Kufuli hilo la kielekezi lina historia yake. Kabla ya toleo la 3.14, la mwaka 2014, halikuwepo, na nyuzi mbili zilizoita read kwa wakati mmoja kwenye faili moja lililofunguliwa ziliweza kupewa kipande kilekile mara mbili. Kanuni za POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, zinakataza hilo, kwa hiyo kufuli likawekwa, na lilistahili kuwekwa. Lakini maana yake ni kwamba usomaji wote, pamoja na kunakili KB 4 kwenda kwenye programu, unafanyika huku mlango umefungwa. Mmoja anasoma, 63 wanasubiri.

Dawa yake ni pread, inayopokea mahali pa kusoma kama hoja na haikigusi kielekezi. Nikaibadilisha programu: kihesabio kimoja upande wetu, kila uzi unakiongeza ili kuchukua rekodi zake. Na hapa nilijihadhari mapema: uzi ukichukua rekodi moja moja, kihesabio chetu kitakuwa tatizo lilelile kwa jina jingine. Kwa hiyo kila uzi ulichukua rekodi 256 kwa mkupuo. Grafu ikapanda hadi nyuzi 16, kisha ikaanza tena kuteremka.

Safari hii hapakuwa na osq_lock. Hapakuwa na kufuli lolote juu ya orodha. Prosesa zilikuwa zimejaa vilevile, muda ulikuwa wa kerneli vilevile, lakini perf ilikuwa inaelekeza kwenye mahali pa ajabu: kazi fupi (function) ya kerneli inayotafuta faili kutokana na namba yake. Ni mistari michache ya msimbo. Nilipofungua amri za mashine moja moja, muda karibu wote ulikuwa umerundikwa kwenye amri moja isiyo na hatia, ulinganishaji wa thamani mbili ambao zote tayari zilikuwa ndani ya rejista, hifadhi ndogo zilizo ndani ya prosesa yenyewe. Amri kama hiyo haiwezi kuchelewa.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo kila anayetumia perf lazima alijue. Sampuli mara nyingi haiangukii kwenye amri iliyochelewesha, inaangukia kwenye inayofuata. Unamwona aliyesimama mlangoni, si yule aliyeufunga. Amri ya juu yake ilikuwa nyongeza ya atomiki: chukua kihesabio, ongeza 1, rudisha, bila mtu mwingine kuingilia kati. Kilikuwa ni kihesabio cha marejeo cha faili lililofunguliwa.

Kwa nini kiwepo? Kwa sababu wakati uzi mmoja unasoma, mwingine unaweza kuita close, yaani kulifunga. Kerneli haiwezi kuliachilia faili mikononi mwa anayelisoma, kwa hiyo kila anayeingia huongeza 1, na kila anayetoka hupunguza 1. Fikiria chumba cha maktaba ambamo watu 64 wanaweza kusoma bango moja la ukutani kwa wakati mmoja bila kusumbuana, ila mlangoni pana daftari moja na kalamu moja, na kila mtu lazima atie sahihi anapoingia na anapotoka. Kusoma bango kunachukua dakika. Foleni ya daftari inachukua siku.

Ndani ya mashine, daftari hilo ni mstari wa kashe, kipande cha kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa. Prosesa hazihamishi kumbukumbu kwa baiti moja moja. Kwenye x86 zinaihamisha kwa mistari ya baiti 64. Mstari unaosomwa tu unaweza kuwa na nakala kwenye kashe za prosesa zote, na kila moja ikaufikia kwa mizunguko 4 au 5 ya saa ya prosesa. Lakini prosesa inayotaka kuuandika lazima kwanza iumiliki peke yake, na nakala za wengine wote zifutwe. Huo ndio utaratibu wa MESI, na ndio unaofanya kompyuta yenye prosesa nyingi ionekane kuwa na kumbukumbu moja. Prosesa 64 zikitaka kuandika kwenye mstari mmoja, mstari unarushwa kutoka kashe hii kwenda ile, na kila mrusho unachukua makumi ya nanosekunde, na ukivuka soketi unaweza kupita 100.

Nilifanya hesabu kwenye karatasi, na naomba msomaji aifanye nami, maana iliniondolea shaka kuliko zana yoyote. Tuseme mrusho mmoja ni nanosekunde 50. Kila usomaji una miwili, wa kuingia na wa kutoka, jumla nanosekunde 100. Sekunde ina nanosekunde bilioni 1. Basi kompyuta nzima haiwezi kupita usomaji milioni 10 kwa sekunde kwenye faili hilo moja, iwe na prosesa 8 au 800. Uzi mmoja peke yake ulikuwa unasoma karibu mara laki 6 kwa sekunde. Gawanya: dari linafikiwa kwenye nyuzi 16 au 17. Grafu yangu ilikuwa imelala palepale. Na kuteremka kwake nako kukaeleweka, kwa sababu nyuzi zinapovuka kwenda soketi ya pili mrusho unakuwa ghali zaidi, na dari lenyewe linashuka.

Kuna kipimo kingine cha haraka kinachothibitisha hali hii. Perf stat huhesabu amri zilizokamilika na mizunguko iliyotumika. Kwenye uzi mmoja nilipata zaidi ya amri 2 kwa mzunguko. Kwenye nyuzi 64 nilipata chini ya 0.3. Prosesa iliyojaa kazi halali haina namba kama hiyo. Hiyo ni namba ya prosesa inayosubiri kumbukumbu.

Kisha nikafanya jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji zana. Badala ya nyuzi 64 ndani ya mchakato mmoja (programu moja inayoendeshwa), niliendesha michakato 64 yenye uzi mmoja mmoja, yote ikiwa imerithi faili lilelile. Tatizo la kihesabio likatoweka. Sababu ni kwamba kerneli inajua kuwa mchakato wenye uzi mmoja hauwezi kujifungia faili wakati wenyewe uko katikati ya kulisoma, kwa hiyo haisumbuki kupandisha kihesabio. Msimbo uleule, faili lilelile, rekodi zilezile, na kitu kimoja tu kimebadilika. Jaribio la namna hiyo linafunga mjadala.

Dawa kwa upande wa nyuzi ilikuwa fupi: kila uzi ulifungue faili kivyake. Kila ufunguzi unakuja na kihesabio chake, na unakuja pia na kitu ambacho sikuwa nimekifikiria, kumbukumbu yake ya usomaji wa mbele. Linux hubashiri utakachosoma kwa kuangalia ulikopita, na rekodi ya ulikopita imewekwa kwenye faili lililofunguliwa. Nyuzi nyingi zikilitumia kwa pamoja, kila moja ikiruka sehemu yake, ubashiri unavurugika na mfululizo unaonekana kama vurugu. Kwangu halikuwa na athari kwa sababu diski haikuguswa, lakini faili likiwa kubwa kuliko kumbukumbu, hilo peke yake linatosha kuharibu mwendo.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu kadiri nilivyozidi kusoma msimbo huu ndivyo nilivyozidi kuwaheshimu waliopita. Linux ilipoanza kukubali prosesa zaidi ya moja, katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, ilikuwa na kufuli moja kubwa la kerneli nzima. Aliyeingia ndani ya kerneli aliingia peke yake. Kulivunjavunja kufuli hilo kulichukua miaka 15. Mabaki yake ya mwisho yaliondolewa katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011. Njia kubwa ya ukombozi ilikuwa RCU (read-copy-update), iliyoingia mwaka 2002, na wazo lake ndilo lililonifungua macho: msomaji asiandike chochote. Hachukui kufuli, haongezi kihesabio, anapita tu. Mzigo wote unabebwa na mwandishi, anayetengeneza nakala mpya, anaelekeza wasomaji kwake, na kungoja mpaka wasomaji wa zamani wote wawe wameondoka ndipo aifute ya kale. Utafutaji ndani ya kashe ya kurasa uliachana na kufuli mwaka 2008. Utafutaji wa majina ya mafaili ulifuata mwaka 2011, katika toleo la 2.6.38.

Kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu kweli. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichukua kompyuta ya prosesa 48 na programu saba halisi, wakapima mahali Linux inapokaba. Moja ya walivyovikuta ni kwamba kila utafutaji wa jina la faili ulipita kwenye kufuli moja la jedwali la mifumo ya mafaili iliyopachikwa. Kazi iliyofanywa ndani ya kufuli hilo ilikuwa amri chache tu, na bado mwendo wa programu uliporomoka, kwa sababu wote waliosubiri walikuwa wanautazama mstari mmoja wa kashe, na kila aliyeachia kufuli aliwalazimu wote wauvute upya. Dawa ya makufuli ya aina hiyo ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 1991, makufuli ya MCS, ambamo kila anayesubiri hutazama mstari wake mwenyewe. Linux ilianza kuyatumia kwa makufuli yake ya kuzunguka mwaka 2015, katika toleo la 4.2. Watafiti walewale walipendekeza pia vihesabio vilivyogawanywa, kila prosesa na sehemu yake, na jumla itafutwe pale tu inapohitajika. Wazo hilo leo limeenea kerneli nzima.

Turudi kwenye grafu. Baada ya kila uzi kuwa na ufunguzi wake, nilitegemea ifike juu. Ilifika nyuzi 20 na kitu. Perf sasa ilionyesha down_read na up_read, kufuli la wasomaji na waandishi. Jina hilo linapotosha wengi. Kufuli la wasomaji linaruhusu wasomaji 64 kuingia pamoja, ni kweli, lakini ni lazima lijue wako wangapi ili mwandishi asiingie katikati yao, na kujua huko ni kihesabio, na kihesabio ni mstari wa kashe. Kufuli linalowaruhusu wote ndilo lililokuwa linawapanga foleni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kufuli hilo lilikuwa la XFS. Mfumo huo wa mafaili unapokea kila usomaji wa kawaida kwa kushika kufuli la faili upande wa wasomaji, ili anayesoma asione nusu ya maandishi mapya na nusu ya zamani. Ni ahadi nzuri kwa programu zinazohitaji uhakika huo. Ext4, mfumo mwingine wa mafaili, haichukui kufuli hilo kwenye usomaji wa kupitia kashe. Nilinakili faili kwenye ext4, nikarudia kipimo bila kugusa herufi ya programu, na down_read ikatoweka kwenye orodha. Sisemi kwamba ext4 ni bora. Kwa mafaili makubwa yanayoandikwa kwa nguvu, mara nyingi nimeikuta XFS ikinipa matokeo ninayoyapendelea. Nasema kwamba ukiulizwa kwa nini usomaji hauongezeki, jina la mfumo wa mafaili liwe miongoni mwa mambo ya kwanza unayoandika kwenye daftari lako, na watu wengi hawaliandiki kabisa.

Kilichobaki kilikuwa ukurasa wa faharasa. Kerneli hushika hesabu pia kwa kila ukurasa ulioko kwenye kashe, ili usije ukatwaliwa na kupewa kazi nyingine wakati mtu ananakili yaliyomo. Rekodi za kawaida hazikuwa na shida, kwa sababu kila uzi ulikuwa kwenye kurasa zake. Lakini faharasa ilikuwa ukurasa mmoja na nyuzi 64 zilikuwa zinaurudia kwa kila rekodi. Hapa kufungua faili upya hakusaidii chochote. Ufunguzi ni wako, ukurasa ni wa wote.

Safari hii nilitaka kuona mstari wenyewe kabla ya kugusa chochote. Perf ina sehemu inayoitwa c2c, iliyoingia na toleo la 4.10 mwaka 2017, na kazi yake ni hiyo tu: hunasa usomaji wa kumbukumbu uliokuta data imebadilishwa ndani ya kashe ya prosesa nyingine, kisha huupanga kwa mistari. Inakupa anwani ya mstari, inakuonyesha ni baiti ipi ndani yake iliyoguswa, na ni kazi gani za kerneli zilizoigusa. Mstari wa juu ulikuwa na sehemu kubwa ya matukio yote. Nililinganisha mahali pa baiti na umbo la kielezo cha ukurasa katika msimbo wa kerneli, na ilikuwa hesabu ya marejeo, bila utata. Zana hii ina thamani ya pekee inapotokea hali ngumu zaidi, pale vitu viwili visivyohusiana vimejikuta kwenye baiti 64 zilezile: prosesa moja inaandika hiki, nyingine inasoma kile, na zote zinagombania mstari ambao hakuna hata moja inayojua kwamba wanauchangia. Bila kuona anwani, ugomvi wa namna hiyo haukisiki.

Dawa ilikuwa kila uzi usome faharasa mara moja mwanzoni na kubaki na nakala yake. KB 4 mara 64 ni KB 256. Nilifikiria pia kutumia mmap, wito wa kupachika faili kwenye kumbukumbu ya programu, ambayo ukurasa ukishapachikwa husomwa bila kuiita kerneli tena, na kwa faharasa ingefaa kabisa. Kwa faili zima sikuipenda, kwa sababu kila ukurasa unaoguswa mara ya kwanza unaingia kerneli kwa mlango mwingine wenye kufuli lake la kuchangia. Kufuli hilo limeanza kugawanywa kwa maeneo tangu toleo la 6.4 la mwaka 2023, na kerneli yangu ilikuwa ya zamani kuliko hapo.

Grafu ikapanda karibu wima hadi nyuzi 40, kisha ikaanza kuinama taratibu. C2c haikuwa na mstari wowote wa kushtaki. Muda sasa ulikuwa kwenye kunakili data, yaani kazi halali. Ningeweza kuishia hapo na kusema kumbukumbu imefika ukomo wake, na nilikaribia kuandika hivyo kwenye ripoti. Kilichonizuia ni kwamba nyuzi za soketi ya kwanza zilikuwa zinamaliza rekodi nyingi kuliko za soketi ya pili, na tofauti haikuwa ndogo.

Kila soketi ina kumbukumbu yake ya karibu. Linux, isipoambiwa vingine, huweka ukurasa wa faili upande wa prosesa iliyousoma kwanza. Nami, ili kuitoa diski kwenye mashtaka, nilikuwa nalisoma faili lote mara moja kabla ya kila kipimo, kwa uzi mmoja. GB karibu 40 zote zilikuwa zimelala upande mmoja wa kompyuta. Nusu ya nyuzi zilikuwa zinavuta kila baiti kupitia njia inayounganisha soketi mbili, na kumbukumbu ya upande wa pili ilikuwa imekaa bure.

Nilisafisha kashe kupitia drop_caches, nikalisoma faili upya chini ya numactl, zana ya kuamua kumbukumbu ya soketi ipi itumike, kwa agizo la kuzigawa kurasa zamu kwa zamu kati ya soketi mbili, kisha nikaendesha nyuzi 64. Soketi zote mbili zilimaliza sawa, na mstari wa grafu ulifika nyuzi 64 ukiwa bado unapanda. Ripoti niliyotuma ilikuwa na mabadiliko manne ya msimbo, yote pamoja hayazidi mistari 60, pamoja na maelezo ya jinsi faili linavyopaswa kuingizwa kwenye kumbukumbu kabla ya kazi kuanza. Ombi la diski mpya halikutumwa.